Tangu nimuuze mbuzi mkongwe kundi langu limevurugika. Nisaidieni kuelewa tabia zao

Binti wa Bombo

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote wafugaji.

Niko Bombo, wilaya ya Luweero, kando ya barabara kuu iendayo Gulu. Nina mbuzi 19. Kumi na sita niliachiwa na marehemu baba, Mungu amrehemu, na watatu nimewanunua mwenyewe. Kazi yangu ni kushona. Cherehani iko barazani, na kutoka pale naliona zizi lote, lango lake na njia inayoshuka bondeni. Kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho yangu, na mengi nimeyaandika kwenye daftari lile lile ninaloandikia vipimo vya wateja.

Shida ilianza kabla ya Idi ya kuchinja. Tulikuwa na jike mmoja mzee, rangi ya kahawia, sikio la kushoto limekatwa kidogo. Baba alimwita Sultana. Alikuwa hajazaa miaka miwili, meno ya mbele yamekwisha, mgongo umebonyea. Ada ya muhula wa pili ya mwanangu ilikuwa inanikaba, na bei za Idi mnazijua. Mtu akanipa shilingi 350,000, nikamuuza. Baba alikuwa akisema kila mara, "Huyo hauzwi." Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilidhani ni mapenzi tu ya mzee na mnyama wake.

Sultana hakuwa mgomvi. Karai la maji likiwekwa, wenye pembe kubwa walimsukuma naye akasogea, akanywa wakimaliza. Ndiyo maana sikuona kama ana kazi yoyote pale zizini.

Zamani mambo yalikwenda hivi. Saa mbili asubuhi, umande ukishakauka, lango linafunguliwa. Sultana anatoka polepole mpaka chini ya mfenesi, anasimama, anageuza kichwa. Wenzake wanamfikia. Kisha anateremka kile kinjia chembamba kati ya muhogo wa jirani na ua wetu, wote nyuma yake, mpaka vichaka vya bondeni. Saa kumi na moja jioni wanarudi. Mpwa wangu anawafuata na fimbo yake, lakini fimbo hiyo ilikuwa ya kuchezea njiani.

Sasa hivi lango likifunguliwa ni vurugu. Wanabanana, wanapigana vichwa, wengine wakitoka wanasimama wakilia, wengine wanarudi ndani. Nimeandika asubuhi 11 nani ametoka wa kwanza. Pembe Moja, jike mkubwa aliyevunjika pembe, mara 5. Jenerali, beberu wetu, mara 3. Zaituni mara 2. Siku moja hakutoka mtu mpaka mpwa wangu alipoingia kuwafukuza. Mara mbili wameingia kwenye viazi vitamu vya jirani, na nimelipa shilingi 40,000. Jirani ni mtu mwema, lakini wema nao una kikomo.

La pili ni hao watatu niliowanunua. Ni majike weusi wa Mubende, hawana pembe kabisa. Wana siku tano hapa. Wanapigwa kuanzia asubuhi hadi jioni. Nikimwaga maganda ya matoke hawasogei. Usiku wanalala mlangoni mwa banda, nusu ndani nusu nje, na juzi mvua imewanyeshea. Mmoja ameanza kukohoa.

La tatu linaniumiza zaidi. Jike wetu Kahawa amezaa Jumapili, mtoto mmoja wa kike. Jumatatu mtoto haonekani. Tumemtafuta saa nzima, tukamkuta nyuma ya kichuguu, amejibana kwenye nyasi, shingo chini, hatoi sauti hata kidogo. Mama yake anakula majani mbali, hatua kama mia mbili, wala hana habari. Nikambeba mtoto nikawafungia pamoja. Jumanne, vile vile, kichuguu kile kile. Je, amemkataa mwanawe?

Naomba mnieleze. Sitaki kuambiwa niuze wote, hilo nimeshaambiwa na kaka zangu.

---

Shamba Kubwa

Dada, tatizo lako dogo sana. Funga kila mbuzi kamba yake, kila mmoja na kigingi chake, asubuhi unahamisha, jioni unahamisha. Viazi vya jirani vitapona, wageni hawatapigwa, na hutahitaji kujua nani ni nani. Mimi hapa Masindi nafanya hivyo miaka yote. Mbuzi ni mbuzi.

---

Mstaafu wa Migyera

Binti yangu, wa aleikum salaam. Pole kwa mzee wako.

Mimi ni mtu wa Nakasongola. Nilichunga mbuzi wa babangu nikiwa mtoto, nikaenda jeshini miaka mingi, na nilipostaafu nilirudi kwa mbuzi. Sasa ninao zaidi ya sitini. Kiswahili changu ni cha kambini, utanisamehe, lakini mbuzi nawajua.

Nikuambie jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulijua. Mbuzi anayetawala na mbuzi anayeongoza ni watu wawili. Kwangu mtawala ni jike mmoja mwekundu, pembe zimepinda nyuma kama mundu. Akifika kwenye maji wote wanapisha, hata beberu anafikiri mara mbili. Lakini tukiwa njiani huyo utamkuta wa nane, wa tisa. Anayetangulia ni mwingine, mzee, amekonda, ambaye kwenye maji anasukumwa kama Sultana wako. Huyo anajua maji yako wapi mwezi wa pili ukame ukibana. Anajua mgunga upi umeangusha maganda. Na nusu ya kundi ni watoto wake na wajukuu zake. Tangu siku waliyoweza kutembea wamefuata mkia wake. Mtoto wa mbuzi anajifunza majani ya kula kwa kuweka mdomo pale mama yake alipoweka mdomo, na njia anajifunza hivyo hivyo.

Kwa hiyo ulichouza kilikuwa njia, pamoja na mbuzi. Sikulaumu. Ada ya shule haingoji.

Sasa daftari lako. Umefanya kazi nzuri sana, wengi hawaandiki kitu. Lakini umeandika wa kwanza peke yake. Andika wa pili, wa tatu na wa nne. Pembe Moja anatoka wa kwanza, sawa, lakini nyuma yake yuko nani? Kama hayuko mtu, huyo ana njaa na ana mabavu, basi. Kiongozi ni yule ambaye akiinua kichwa na kupiga hatua tatu, wenzake wanaacha kula. Kaa hapo barazani, uwaangalie wakiwa wamelala wanacheua, saa nane mchana hivi. Yuko mmoja akisimama na wengine wanasimama. Mtafute huyo.

Beberu usimtegemee kabisa. Yeye anatembea nyuma au pembeni, pua kwenye mikojo. Ukiona amekunja mdomo wa juu, meno hewani, anachunguza kama jike ameingia joto. Kila siku 21 ana kazi hiyo kwa kila jike asiye na mimba. Hana nafasi ya kufikiria bonde.

Ndugu wa Masindi, kamba ina mahali pake. Msimu wa kupanda hata mimi nafunga baadhi, nisigombane na watu. Lakini amani ya mbuzi inatokana na huyu mdogo kuweza kusogea mkubwa akija. Mbuzi hapigani kila siku. Akimtazama mwenzake vibaya, mwenzake anapisha, yamekwisha. Mfunge kamba karibu na mkubwa, hana pa kupisha, anapigwa mpaka mkubwa achoke. Nimepoteza jike mwenye mimba kwa njia hiyo, naye alikuwa kwenye kamba niliyoifunga kwa mkono wangu. Na mbwa wakija, wa kamba ndio wa kwanza.

---

Mtu wa Chanjo, Koboko

Dada wa Bombo, mimi ni msaidizi wa daktari wa mifugo huku West Nile, kazi yangu ni kuzunguka na boksi la chanjo kwenye pikipiki. Mzee ameeleza vizuri habari ya kuongoza. Mimi nianze na kikohozi, kwa sababu kikohozi hakisubiri.

Mbuzi mgeni anayekohoa mtenge leo hii, na wenzake wawili pamoja naye. Mpime joto kama una kipimajoto. Mbuzi mzima huwa kati ya nyuzi 38.5 na 40 hivi, kutegemea na jua la siku hiyo. Angalia pua, macho, ndani ya mdomo na kinyesi. Mafua mazito pamoja na vidonda vya mdomoni na kuhara, hapo tunashuku sotoka ya mbuzi na kondoo, na unamwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Anayehema kwa shida akiwa ametanua miguu ya mbele, tunashuku homa ya mapafu. Inawezekana kabisa ni mvua tu na uchovu wa safari ya lori, lakini usikisie. Siku nyingine ukinunua mbuzi, mkae naye kando wiki tatu kabla hajaonana na wenyeji. Najua watu hawapendi ushauri huu kwa sababu unataka banda la pili. Hata kona ya jiko la nje inatosha.

Kisha hiyo kutengwa itakusaidia kwenye jambo lako la pili. Watenge mahali ambapo wenyeji wanawaona na kuwanusa bila kuwafikia, ukuta wa miti yenye nafasi unatosha. Ila kama daktari akisema ni ugonjwa wa kuambukiza, hapo waende mbali kabisa, pua zisikutane. Wakipona, wanusiane siku kadhaa. Halafu watoe wote watatu kwa pamoja, na wakutane na wenyeji nje, malishoni, penye nafasi kubwa. Usiwaingize kwanza ndani ya banda. Mmoja peke yake anapigwa na wote. Watatu wanaojuana wanagawana kipigo, na usiku wanalala wakiegemeana.

Kupigwa kwenyewe ujifunze kukusoma. Mbuzi wawili wakisimama kwa miguu ya nyuma, wakashuka wakagonganisha vichwa uso kwa uso, hayo ni mazungumzo. Waache. Siku mbili tatu wanajua nani ni nani na wanaacha. Kibaya ni pembe ya ubavuni, kutoka pembeni, hasa kwa mwenye mimba. Weusi wako hawana pembe, wenyeji wanazo, kwa hiyo hata awe na nguvu kiasi gani atashindwa. Hapo kazi ni yako. Maganda usiyamwage mahali pamoja. Yamwage sehemu sita au saba, kila fungu mbali na jingine hatua tano au sita, ili anayefukuzwa hapa apate pale. Ongeza karai la pili la maji, liwe upande ambao ukiwa kwenye la kwanza hulioni. Mkubwa hawezi kulinda makarai mawili.

Na mlangoni wanalala kwa sababu ndani hawana pa kukimbilia. Jenga jukwaa. Mbao chache juu ya matofali, urefu wa goti, jingine juu kidogo. Mbuzi anapenda kulala juu. Asili ya mbuzi hawa wa kufugwa ni mbuzi mwitu wa milimani, huko magharibi mwa Asia, kama Zagros ya Iran, yapata miaka 10,000 nyuma, na mpaka leo ukiwa na kichuguu, tanuri bovu la matofali au gari lililokufa uani, utamkuta juu yake. Ukiwapa sehemu za juu na za chini, na kipande cha ukuta cha kujificha nyuma yake, nafasi ile ile ya banda inakuwa kama imeongezeka. Weka pia ubao wa kuziba upande mvua inakotokea. Mbuzi anavumilia jua na njaa kuliko anavyovumilia kulowa.

---

Mchunga Moroto

Dada yangu, nimesoma swali lako la tatu, nimeshindwa kulala bila kujibu.

Kahawa hajamkataa mtoto. Amemficha.

Mimi nimelelewa Karamoja. Kwetu mtoto wa miaka mitano anapewa vibuzi, kwa sababu vibuzi na watoto vinakaa karibu na nyumbani pamoja. Kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kujua kila kibuzi kimelala wapi. Siku za kwanza za maisha kibuzi hakimfuati mama yake. Kinatafuta mahali, kichaka au jiwe au kichuguu, kinalala bapa kama ulivyomkuta, na hakisemi. Ukimpita kwa hatua mbili humwoni. Mama anakwenda kula mbali makusudi. Mnyama mkali akimfuata mama hamkuti mtoto. Mama anarudi mara chache kwa siku, anaita kwa sauti ya chini, mdomo umefungwa, mtoto anajibu, ananyonya, wanaachana tena. Ndama wa ng'ombe naye hufichwa hivyo. Mwana-kondoo sivyo, yeye siku ile ile yuko nyuma ya mama. Watu wanaofuga kondoo na mbuzi pamoja ndio wanaodhani mama mbuzi ni mbaya. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo utaona kibuzi kimeanza kujiunga na vibuzi wenzake na kuruka ruka.

Mama aliyekataa unamjua. Mtoto akija kunyonya anampiga kichwa au anageuka geuka. Mtoto analia sana, mgongo ameukunja, tumbo limebonyea, ukiweka kidole mdomoni mwake ni baridi. Mshike wa kwako. Kama tumbo limejaa na mdomo una joto, mama anafanya kazi yake vizuri hata kama wewe humwoni akiifanya.

Usimbebe bebe. Mama mbuzi anamjua mtoto kwa harufu, na harufu hiyo anaishika pale pale baada ya kuzaa, wakati anamlamba. Dakika chache tu za kulamba zinatosha, na baada ya hapo mtoto wa mwingine akija kunyonya anapigwa. Ukimtoa mtoto kabla mama hajamlamba, ukakaa naye saa kadhaa, ndipo ukimrudisha mama anaweza kumwona mgeni, akamkataa. Kwako hilo halikutokea, mshukuru Mungu.

Na sauti pia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, walitangaza mwaka 2012 kwamba mama mbuzi anaitambua sauti ya mtoto wake hata mwaka mmoja hivi baada ya mtoto kuachishwa kunyonya. Nilipoisoma habari hiyo nilimsomea mama yangu kwa lugha yetu. Akauliza, kwani walikuwa hawajui?

Hofu yangu kwako ni moja. Njia ya kujificha ilitengenezwa kwa porini. Bombo kuna mbwa wa mitaani, na mbwa wananusa. Kwa hiyo mpe mtoto kichuguu chako wewe. Tafuta pipa au mtungi mkubwa uliopasuka, ulaze ubavu ndani ya zizi, kwenye kona yenye giza, weka nyasi kavu. Mtie mara moja tu. Mara nyingi kibuzi kikipenda mahali kinarudi chenyewe. Mama mfungulie aende malishoni na wenzake. Atarudi, maziwa yatamrudisha.

Habari ya magonjwa msikilize ndugu wa Koboko. Sisi tuliiona sotoka ya mbuzi mwaka 2007, ilipothibitishwa Karamoja, na sitaki kuieleza hapa. Kulikuwa na nyumba zilizobaki na kamba bila mbuzi.

---

Binti wa Bombo

Nimesoma yote mara mbili. Asanteni sana, mzee wangu na ndugu zangu.

Nimemshika mtoto wa Kahawa. Tumbo kama ngoma, mdomo wa moto. Nimekaa chini pale pale kwenye kichuguu nikalia kidogo, maana siku tatu nimekuwa nikimsema Kahawa kwa maneno mabaya. Pipa nimelipata kwa fundi wa magari.

Weusi watatu nimewahamishia kwenye banda la kuni, mbali. Daktari wa mifugo anakuja kesho. Shamba Kubwa, asante kwa kujibu, lakini zizi la kamba 19 silitaki. Baba hakuwafunga.

Mzee wangu, daftari nimeanza upya, wa kwanza mpaka wa sita. Nitawaletea.

---

Binti wa Bombo (wiki tatu baadaye)

Nimerudi kama nilivyoahidi.

Kwanza daktari. Alimpima yule mweusi, akasema si sotoka, ni mapafu yamepata baridi, akamchoma sindano siku tatu mfululizo. Amepona, wale wawili hawakuugua. Ndipo nikawasogeza kwenye ua wa miti karibu na zizi, wakakaa hapo siku tisa wakinusiana na wenyeji, kisha tukawatoa pamoja bondeni kama tulivyoelekezwa. Mapigano yalikuwepo. Siku ya kwanza nilihesabu mara 31 kabla ya adhuhuri, siku ya nne mara 6. Hiyo siku ya nne nilikuwa na gauni la harusi la kumaliza, kwa hiyo huenda zimenipita mbili tatu. Majukwaa mpwa wangu ameyajenga kwa mbao za kreti. Wawili wanalala juu pamoja na wenyeji. Wa tatu, yule aliyekuwa mgonjwa, bado analala karibu na mlango, lakini sasa ni ndani na ni pakavu.

Sasa jambo la kuongoza. Mzee, hili nataka nilieleze polepole kwa sababu limenifundisha kutazama.

Niliandika kama ulivyosema, nikaona hivi. Pembe Moja akitangulia, nyuma yake hakuna mtu, au yuko Jenerali anayemfuata kwa sababu zake. Wanaokwenda naye ndio waliofika kwenye viazi. Nikarudi kwenye ule ukurasa wa mwanzo wa asubuhi 11. Zaituni alitangulia mara mbili tu, kwa hiyo sikumtilia maanani. Nikamwita mpwa wangu, nikamwambia nikumbushe siku hizo mbili zilikuwaje. Akasema, shangazi, hizo ndizo siku walizokwenda bondeni wenyewe na kurudi wenyewe. Yeye alikuwa amekaa chini ya mfenesi akichonga gari la mti. Jibu lilikuwa limelala kwenye daftari langu, kati ya kiuno cha mteja mmoja na urefu wa mkono wa mwingine, na mimi sikuliona kwa kuwa nilikuwa nahesabu mabavu.

Mjomba amenithibitishia kwamba Zaituni ni mtoto wa Sultana, wa kwanza kuzaliwa hapa.

Basi kwa nini alitangulia mara mbili tu? Hilo nililiangalia asubuhi nne, cherehani nimeifunika. Lango letu ni jembamba, mbuzi mmoja na nusu. Pembe Moja anasimama pale mapema, Jenerali ubavuni mwake, na kila anayesogea anapigwa. Zaituni hapigani, kama mama yake asivyopigana. Anakaa nyuma, anacheua, anangoja. Lakini Sultana alipokuwepo, lango lilikuwa likifunguliwa na baba mwenyewe, na sasa nakumbuka kwa nini alichelewa pale kila asubuhi. Alikuwa anasukuma wengine kwa mguu, polepole, mpaka Sultana apite. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa msichana, nikadhani ni mchezo wao.

Mimi sina mguu wa baba, nimepanua lango. Fundi ameondoa nguzo moja, sasa wanapita watatu sambamba. Jumatano ilikuwa mara ya kwanza. Pembe Moja alitoka mbio kama kawaida, akaelekea kwa jirani. Zaituni akatoka pembeni bila kumjali, akaenda mpaka chini ya mfenesi, akasimama. Mimi nilikuwa nimesimama pia, sijui tangu saa ngapi. Wakamfikia mmoja mmoja. Kumi na wawili, kumi na watatu, weusi watatu mwishoni kabisa wakiwa wameshikana kama kawaida yao. Pembe Moja akainua kichwa, akaona yuko peke yake, akalia, akarudi mbio kujiunga. Wakateremka kile kinjia. Tangu siku hiyo asubuhi nane, saba wamekwenda hivyo. Moja mvua ilinyesha, hawakutoka, na hapo nimewaelewa.

Jirani nimempelekea maziwa ya Kahawa na habari kwamba viazi vyake viko salama, kwa sasa.

Mtoto wa Kahawa alikaa kwenye pipa siku sita. Nilimwona mama yake akija kwa ile sauti ya mdomo uliofungwa uliyoisema, ndugu wa Moroto, na kabla yako nimeisikia miaka yote bila kujua ni maneno. Sasa ameacha pipa, anaruka juu yake.

Mzee wangu, nina swali jingine. Asubuhi ni Zaituni. Lakini jioni, mara tano sasa, aliyewarudisha mbele ni Kahawa, anatembea haraka mpaka wengine wanakimbia nyuma yake, na Zaituni anakuja katikati. Nadhani ni maziwa na mtoto. Kama ndivyo, basi mtoto akikua wa jioni atabadilika tena. Nimeanza ukurasa wa jioni.